Mji Mmoja, Kitabu Kimoja: Niliyojifunza Kwenye Duara la Viti

Jioni ya kwanza nilipanga viti ishirini, wakaja watu saba. Mkononi nilikuwa na mwongozo wa kurasa nne wenye maswali kumi na mawili, na nakala yangu ya riwaya ilikuwa imejaa vikaratasi vya njano. Nikasoma swali la kwanza: "Mwandishi anataka kutuambia nini kuhusu msamaha?" Kimya. Mama mmoja akatazama viatu vyake. Kijana aliyekaa karibu na mlango akafungua kitabu, akakifunga. Nikalijibu swali mwenyewe, nikaenda la pili, nalo nikalijibu. Nilipofika la tano nilikuwa nahutubia. Saa nzima ikaisha hivyo. Wakaniaga kwa heshima, na wiki iliyofuata wakarudi watatu.

Ulikuwa msimu wetu wa kwanza wa mpango wa kusoma wa mji mzima. Maktaba zote za umma mjini, kuu na matawi, zilikuwa zimechagua riwaya moja, zikanunua nakala, zikatenga wiki nane za mijadala, na sisi wakutubi wa matawi tukapewa kuongoza. Nilikuwa na miaka tisa kazini. Nilijua kupanga rafu, na nilijua kumsaidia mtu anayetafuta kitabu ambacho anakumbuka rangi ya jalada tu. Kuketi na watu wasiojuana na kuzungumza nao kuhusu kitabu kilekile, hilo sikuwahi kulifanya wala sikufundishwa. Nayaandika haya nikiwafikiria wenzangu wanaoanza sasa, maana najua nao watakabidhiwa mwongozo wa kurasa nne na kuambiwa kila la heri.

Wazo lenyewe lina umri wake. Mwaka 1998 mkutubi Nancy Pearl na wenzake kwenye Maktaba ya Umma ya Seattle, Marekani, waliuliza ingekuwaje kama Seattle nzima ingesoma kitabu kimoja. Wakachagua riwaya ya Russell Banks, wakamwalika mwandishi mwenyewe, wakafungua milango watu waje kuzungumza. Mwaka 2001 Chicago ikafanya hivyo kwa riwaya ya Harper Lee iliyochapishwa mwaka 1960, na baada ya hapo miji ikafuatana. Dublin, Ireland, ilianza mwaka 2006, na huko Aprili ndio mwezi wa kitabu cha mji.

Niliposoma habari hizo kabla ya msimu wetu kuanza, nilichokiona ni ukubwa: mji mzima, maelfu ya nakala, kumbi zilizojaa. Kilichonipita ni kile kitabu cha kwanza chenyewe. Riwaya ile ya Banks inahusu mji mdogo uliopoteza watoto wake katika ajali ya basi la shule, na inasimuliwa na watu wanne, kila mmoja kwa macho yake na uchungu wake. Ukimaliza kuisoma huwezi kusema kwa urahisi nani ana haki. Watu wawili waliosoma kurasa zilezile wanatoka na hukumu mbili, na wote wanaweza kukuonyesha mstari unaowaunga mkono. Leo nikiulizwa kitabu cha mji kiweje, naanzia hapo.

Msimu wa pili ndio ulionifungua macho, na aliyenifungua ni mtu ambaye hakuwa amemaliza kitabu.

Riwaya ya mwaka ule ilimhusu mjane anayepokea barua, akaiweka kwenye droo ya meza ya kulia chakula bila kuifungua. Jumatano moja aliingia mzee aliyevaa koti zito, akaketi kiti cha mwisho, akakipakata kitabu kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenyewe. Nilikuwa nimeshasoma swali langu la kwanza, na kimya kilekile cha mwaka uliopita kilianza kutanda. Mzee akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, mimi sijamaliza. Niko ukurasa wa arobaini na tatu, wiki ya tatu sasa. Nimekuja kuuliza tu. Huyu mama kwa nini haifungui barua?"

Nilitaka kumwambia asubiri, kwamba mbele itaeleweka. Bibi aliyekaa upande wa dirisha akaniwahi. "Ukishautambua mwandiko juu ya bahasha," akasema, "huna haraka ya kufungua."

"Kwani imeandikwa kwamba aliutambua mwandiko?" akauliza kijana mmoja.

Hapo kikatokea kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye duara langu: watu wote kumi na mmoja wakafungua vitabu kwa wakati mmoja. Ukasikika mchakacho wa karatasi. Mmoja akasema ukurasa wa kumi na tisa, mwingine akasema hapana, mapema zaidi. Kijana ndiye aliyeupata, ukurasa wa kumi na mbili, nusu sentensi imejificha katikati ya aya ndefu kuhusu mvua: herufi zililalia kushoto, kama zilivyolala siku zote. "Siku zote," bibi akarudia, akigonga ukurasa kwa kidole. "Si nimewaambia?"

Nilikuwa nimeisoma riwaya ile mara tatu. Nilikuwa nimeiwekea vikaratasi vya njano. Nusu sentensi ile sikuwahi kuiona.

Wakabishana dakika hamsini. Wapo waliosema mjane anaogopa habari mbaya, wapo waliosema anaogopa habari njema, kwa kuwa habari njema zingemlazimu asamehe. Neno "msamaha", ambalo mwaka uliopita nililitupa katikati ya duara likabaki limelala pale, mwaka huu lilikuja lenyewe, likatoka kwa mama ambaye hakuwahi kuongea. Mimi nilisema mara mbili tu. Mara ya kwanza niliuliza, "Umeliona wapi hilo?" Mara ya pili niliuliza, "Yupo anayelisoma tofauti?"

Nikabadilisha kazi yangu kuanzia usiku ule. Kumbe lipo shirika ambalo limekuwa likifundisha jambo hili tangu mwaka 1947, Great Books Foundation, lililoanzishwa Chicago, na sheria yake kwa kiongozi wa mjadala ni moja ambayo ningeipata mapema ningeokoa msimu mzima: uliza swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Swali lenye jibu mfukoni watu wanalinusa. Wanajua wanapimwa, na mtu aliyemaliza shule miaka thelathini iliyopita hakuja maktaba jioni ili apimwe tena. Siku hizi nikisoma kitabu cha msimu naandika tu yale ninayoshindwa kuyaelewa kwa dhati, nayo hayazidi matatu au manne. Naanza na moja. Mara nyingi halifuatiwi na la pili.

Tukafuta pia sharti la kumaliza kitabu. Kwenye matangazo yetu ya mwanzo tuliandika "kwa waliosoma kitabu". Nilipouliza watu kwenye kaunta kwa nini hawaji, jibu nililosikia zaidi ya mengine yote ni kwamba hawajamaliza na wanaona aibu. Tukaandika upya: "Njoo hata kama uko ukurasa wa kwanza." Wenzangu wa matawi mengine walihofia kwamba watu hawatasoma kabisa. Kwangu ilikuwa kinyume. Mzee yule wa ukurasa wa arobaini na tatu alikuja wiki iliyofuata akiwa ukurasa wa mia na tisini.

Sasa niseme kuhusu nakala, maana hapa ndipo mipango mingi inapokwama, na si jambo la kuvutia kulizungumza. Maktaba kwa kawaida huazimisha kitabu kwa wiki tatu. Msimu una wiki nane. Piga hesabu: nakala moja inawahudumia wasomaji wawili, wa tatu akiipata msimu unaisha. Hata ukinunua nakala nyingi, ukiziendesha kwa utaratibu wa kawaida, foleni inakuwa ndefu na watu wanasoma baada ya ngoma kuisha. Msimu wa kwanza nilimpigia simu dada mmoja kumjulisha kwamba zamu yake imefika. Ilikuwa siku nne baada ya mjadala wa mwisho. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa nitamsimulia nani?" Swali hilo sijalisahau.

Nilidhani vitabu vya kielektroniki vingetuokoa. Vinasaidia, lakini anayepanga ajue mapema kwamba maktaba haivinunui kama inavyonunua vya karatasi. Mara nyingi inalipia leseni, na leseni hiyo huisha baada ya muda, labda miaka miwili, au baada ya kuazimwa idadi fulani ya mara. Juu ya hapo, leseni moja husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo foleni ni ileile, imehamia kwenye simu. Baadhi ya wachapishaji hukubali kufungua kitabu kwa wasomaji wote kwa kipindi cha msimu, lakini wanapaswa kuombwa miezi mingi kabla, na makubaliano yaandikwe kabla kitabu hakijatangazwa. Ukishatangaza, huna tena cha kujadiliana nacho.

Kilichotusaidia zaidi kilikuwa rahisi. Tulizigawa nakala zetu mafungu mawili. Fungu la kwanza likasajiliwa na kuazimwa kama kawaida. La pili hatukulisajili kabisa: halina tarehe ya kurudisha, halina faini, halihitaji kadi. Kila nakala ya fungu hilo tuliibandika ndani ya jalada maneno haya: "Kisome, kisha mpe mwingine." Tukaziacha kwenye vituo vya mabasi, vyumba vya kusubiria hospitalini, kwa vinyozi, kwenye mabenchi. Nyuma ya kila moja niligundisha karatasi nne nyeupe na kufunga penseli fupi kwa uzi.

Zile karatasi nilizibandika bila kutarajia makubwa. Nakala ya kwanza iliyorudi ilipita kwenye tundu la kurudishia vitabu usiku. Jalada lilikuwa limepauka upande mmoja, pembe zimekunjamana, penseli imekatika ikabaki ncha. Ukurasa wa kwanza mweupe ulikuwa na miandiko mitano. "Nilisoma zamu ya usiku, wagonjwa wakiwa wamelala." Chini yake, kwa herufi za mtoto: "Mama alinisomea, lakini aliruka ukurasa wa 88, nitausoma mwenyewe." Kisha mtu aliyebonyeza penseli kwa nguvu: "Mjane ana makosa." Na pembeni, kwa mwandiko mwembamba, mshale ukielekea maneno hayo: "Hana. Rudia ukurasa wa 12."

Mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwenye duara letu alikuwa ameuona ukurasa wa kumi na mbili peke yake. Nilisimama nyuma ya kaunta nikiwa na ufunguo wa mlango mkononi, nikazisoma karatasi zile mara mbili kabla ya kuwasha taa za ukumbi.

Si nakala zote zilirudi, na wakubwa waliuliza hilo kwa haki, maana ni fedha za umma. Nilijibu kwamba kitabu kisichorudi hakijapotea mpaka ujue kiko wapi. Hawakuridhika sana. Tulikubaliana fungu lile lisizidi robo ya nakala, na mpaka leo naona robo ni kidogo.

Kuna baba asiyeona ambaye amekuwa nasi tangu msimu wa tatu. Alipokuja kuuliza kama kitabu kinapatikana kwa kusikiliza, nilikuwa sijauliza, na kitabu kilikuwa kimeshachaguliwa. Nilijisikia vibaya, na ilikuwa haki nijisikie hivyo. Siku hizi swali hilo linatangulia mengine yote kwenye kamati: kipo kwa sauti? Kipo kwa maandishi makubwa? Kikikosekana, ipo njia ya kukitengeneza? Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulikuja kwa ajili ya jambo hilohilo. Nchi zilizouridhia zinaruhusu mashirika na maktaba kutengeneza nakala kwa wasioona na wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka, bila kwanza kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Wakutubi wengi niliozungumza nao hawakuwa wameusikia. Tulimpatia nakala ya sauti ikiwa imebaki wiki moja na nusu, akaisikiliza usiku na mchana.

Alipokaa kwenye duara alitusahihisha. Tulikuwa tunasema mhusika fulani ni mkali. Akasema hapana, yule anaongea sentensi fupi kwa sababu anakaribia kulia, na akatuomba tusome mazungumzo yake kwa sauti. Tukasoma, watu wawili wakipokezana. Kweli, sentensi zilikuwa zinakatika pale mtu anapomeza mate. Toka siku hiyo kila mjadala wetu huanza kwa mtu kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Faida yake nyingine tuliiona baadaye: aliyekuja mikono mitupu naye anakuwa amesoma walau ukurasa mmoja pamoja na sisi, na ana la kusema.

Kuhusu kuchagua kitabu ningeweza kuandika usiku kucha. Mwaka 2002 New York ilijaribu kuanzisha mpango wake, na waandaaji wakagawanyika kati ya vitabu viwili mpaka mpango ukasambaratika kabla mji haujasoma kitu. Nawaelewa. Kwenye kamati yetu tuliwahi kukaa vikao sita tukibishana kuhusu kitabu kitakachowakilisha mji, hadi mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akasema tumekosea neno. Kuwakilisha ni kazi ya bunge. Akatutaka tutafute kitabu ambacho tungependa kubishana kukihusu. Tulimaliza kikao hichohicho.

Harold Bloom, mhakiki mashuhuri wa fasihi, hakuupenda mtindo huu. Aliulinganisha na watu wote kula chakula kimoja kibaya kwa wakati mmoja. Hoja yake niliibeba muda mrefu, maana namheshimu, na ni kweli kwamba kusoma ni kazi ya mtu peke yake. Hakuna anayeweza kukusomea moyoni mwako. Lakini sijawahi kuona duara ambalo watu kumi na mmoja walisoma kitabu kimoja. Bibi wa dirishani alisoma kitabu kuhusu mwandiko. Mzee wa koti alisoma kitabu kuhusu kuchelewa. Ukurasa ni uleule, na kwa kuwa ni uleule ndiyo maana tuliweza kuona wazi tulivyo tofauti.

Hofu yangu kubwa iko upande mwingine. Nancy Pearl mwenyewe alionya mapema kwamba hii ni shughuli ya maktaba na ya fasihi, na kwamba haikukusudiwa kuponya mgawanyiko wa rangi kwenye jamii. Mara nyingi wafadhili na viongozi hutaka kitabu kifanye kazi nyingine: kipunguze uhalifu, kilete umoja, kihamasishe hiki na kile. Kitabu kikichaguliwa hivyo watu wanakiona kuwa ni hotuba yenye jalada, wanakirudisha na alama ya kusomea ikiwa ukurasa wa ishirini. Tulifanya kosa hilo msimu wa nne. Kitabu kilikuwa na nia njema kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye duara hapakuwa na la kubishana. Wote tulikubaliana naye mwandishi, tukanyamaza. Nilitamani mzee wa koti aulize kitu. Hata yeye hakuwa na swali.

Duara halivunjiki tena msimu unapoisha. Linakutana Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na moja jioni, na kitabu chochote watakachokubaliana. Viti napanga kumi na viwili sasa. Nilijifunza kwamba kiti kitupu kinawasononesha waliokuja, na kukosekana kwa kiti kunamfanya mtu amvutie mwenzake kingine kutoka chumba cha pili, na hapo wameshaanza kuongea.

Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuta kwenye sanduku la kurudishia nakala moja ya riwaya ya mjane na barua. Ni ya lile fungu lisilosajiliwa. Ilikuwa imezunguka zaidi ya miaka miwili. Jalada la nyuma halipo. Mtu alikuwa ameishona mgongo kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyolingana, kazi ya mkono unaojua sindano. Karatasi zangu nne nyeupe zimejaa pande zote mbili, na mwingine aliongeza ya tano, kipande cha daftari la hesabu.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa penseli, umeandikwa haraka: "Nimefika uk. 112 lakini nashuka hapa na sitaki kukaa na kitabu cha watu. Barua bado haijafunguliwa. Aliyemaliza naomba aandike hapa chini kama anaifungua."

Chini yake hapakuwa na kitu. Nilitafuta penseli kwenye droo, nikakaa na lile swali kwa muda. Kisha nikaandika: "Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja jioni, maktaba, chumba cha nyuma. Njoo ukiwa palepale ulipofika." Nikabandika karatasi nne nyingine, nikafunga penseli mpya kwa uzi, na nilipotoka kwenda nyumbani nikakiacha kwenye benchi la kituo cha basi.